Majibu Mawili Chini ya Msala

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia kutoka darasani kwa miguu yangu, nikiwa bado nasikia na bado nauona ubao. Wapo wenzangu ambao hawakuipata bahati hiyo. Tangu nistaafu, walimu vijana hunijia barazani na barua zao mkononi. Huyu amechaguliwa chuo kikuu, yule chuo cha ualimu, mwingine vyote viwili, na swali lao ni moja: niende wapi? Nimekuwa nikilijibu kwa mdomo, na kila nikilijibu kwa haraka nalijibu vibaya. Basi nimeona niliandike. Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea sitavitaja. Faili zipo, na atakaye akazipanguse vumbi mwenyewe.

Nilianza kazi Tongoni, kijijini kwetu, katika miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu wa muda. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili nangoja matokeo, na shule ilikuwa imepungukiwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Nilikuwa na kanzu mbili, suruali moja, na imani kubwa kwamba mtu aliyesoma mpaka darasa la kumi na mbili hawezi kushindwa na watoto wa miaka saba.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Hiza, Mbondei wa upande wa Muheza, Mkristo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, "Marahaba," kisha akachukua kipande cha chaki, akakivunja katikati mbele yangu.

"Nusu yako, nusu ya kesho," akasema. "Andika herufi kubwa, maneno machache. Na ukiandika usiwape mgongo muda mrefu. Watoto wa hapa ni wapole, lakini mgongo wa mwalimu huwabadilisha tabia."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya ualimu kwa mwaka ule. Yalichukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Darasa langu lilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Watoto wote walikuwa wamepita kwa baba yangu, aliyefundisha Qur'ani kijijini, na walikuwa wamezoea kuhifadhi. Nilisoma mstari wa kitabu cha kwanza, wakaufuata kwa sauti moja. Katika miezi michache walikimaliza kitabu kizima. Mkaguzi alipokuja aliwasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia Mwalimu Hiza kwamba darasa la kwanza la Tongoni linasoma kuliko madarasa mengi ya mjini. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama aliyeoa.

Wiki iliyofuata nilimwita msichana mmoja, Mwanaidi, asome peke yake ukurasa wa kumi. Akasimama, akakishika kitabu mbele ya uso wake, akausoma ukurasa wote bila kukosea. Nilikuwa karibu kumpigia makofi nilipoona kwamba picha ya mbuzi ilikuwa imeelekeza miguu juu. Kitabu kilikuwa kichwa chini.

"Mwanaidi, kitabu umekigeuza."

Akakitazama, akanitazama mimi. "Kwani Mwalimu, lazima nikiangalie?"

Hakuwa na ufidhuli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Nikamwonyesha neno moja katikati ya ukurasa, nikamwuliza ni neno gani. Midomo yake ikaanza kucheza polepole. Alianza mstari wa kwanza, akawa anahesabu maneno kwa kidole mpaka alipofika pale nilipomwonyesha, ndipo akalitaja. Nikaandika neno lile lile ubaoni, peke yake. Akanyamaza. Nikawauliza wengine. Darasa zima likanyamaza.

Kuhifadhi si aibu. Maneno ya Mola huhifadhiwa moyoni na yanastahili kuhifadhiwa, na baba yangu aliwafundisha watoto wale hilo kwa ukamilifu. Aibu ilikuwa yangu. Yeye alijua anachokifanya, mimi sikujua. Nilikuwa nimewahifadhisha kitabu cha mbuzi na paka nikadhani nimewafundisha kusoma, na mkaguzi naye akadhani hivyo hivyo. Nilijaribu kila nilichoweza kukibuni. Nilitamka polepole, nilitamka kwa nguvu, nilirudia herufi mpaka mate yakanikauka. Hawakusogea hata hatua moja. Nikamwendea Mwalimu Hiza.

"Wapo wanaosoma hivyo mpaka uzeeni," akaniambia. "Usijitese. Wewe hapa unapita tu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, na yeye ndiye aliyeniandikia barua za kuniombea nafasi ya chuo kikuu kule Uganda. Katika ujana wake alikuwa na akili za kufika huko, lakini hakukuwa na mtu wa kumsemea. Kwa hiyo alikuwa akinisemea mimi. Kila barua aliiandika mara mbili, ya kwanza kwa penseli, na akanisomea kabla ya kuifunga. Nami, kwa ushauri wa karani mmoja wa mjini, nilikuwa nimeomba pia chuo kidogo cha ualimu kule milimani Usambara, chuo cha wanafunzi wasiofika hamsini, ili nisikose vyote.

Barua zote mbili zikaja wiki moja. Nilikuwa nimekubaliwa kote. Zote zilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu Hiza alipoisoma ile ya Uganda alitoka nje ya ofisi bila kofia, akazunguka uwanja wa shule mara moja, akarudi. "Omari," akasema, "utapanda treni mpaka Moshi, mpaka Voi, mpaka Nairobi, na mbele zaidi. Utasoma nyumba ya vitabu yenye ngazi ndani yake! Ile nyingine itupe."

Sikuitupa. Kila nilipotaka kuitupa nilimwona Mwanaidi anahesabu maneno kwa kidole.

Nyumbani nikasema nataka kuswali istikhara, yaani rakaa mbili na dua ya kumwomba Mola akuchagulie lenye kheri unapokabiliwa na njia mbili. Ningefanya kimya kimya, lakini nyumba yetu haikuwa na jambo la kimya kimya. Kesho yake asubuhi, tulipokaa kwa chai na mihogo, kila mtu alikuwa amekwisha niswalia istikhara, na kila mtu alikuwa na ndoto yake.

"Nimekuona umekaa juu ya farasi mkubwa," akasema mama. "Mkubwa, mweupe. Uganda hiyo."

"Mimi nimeota kikombe kidogo cha maziwa," akasema shangazi. "Kidogo lakini kimejaa pomoni. Kule milimani huko kwenye ng'ombe."

"Wifi, wewe uliota maziwa kwa sababu ulilala hujala."

"Na wewe uliota farasi umemwona wapi? Tongoni nzima hakuna hata punda mwenye afya!"

Baba aliwasubiri wamalize. Alikuwa mtu wa subira. Miaka thelathini ya kusikiliza watoto wakisoma kwa makelele ilimfanya hivyo. "Istikhara hukuambiwa uote," akasema. "Umeambiwa uombe, kisha uazimie, kisha uende. Ikiwa ni kheri njia itakunjuka, ikiwa si kheri itakunjwa. Omari, wewe umeazimia nini?"

"Bado, baba."

"Basi hujamaliza istikhara. Umeianza tu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Badala ya kuazimia, niliandika majibu mawili. Moja la kukubali Uganda, jingine la kukubali chuo cha milimani, kila moja katika bahasha yake, limebandikwa stempu. Nikaziweka zote mbili chini ya msala, pale ninapoweka paji la uso, nikajiambia kwamba moyo utakapoelemea upande mmoja nitaichomoa moja na kuichana nyingine. Baba asingelikubali jambo hilo, ndiyo maana sikumwambia.

Siku ya tatu nilirudi kutoka shuleni nikaukuta msala umekunjwa na chini yake hamna kitu.

"Mama, barua zangu?"

"Nimempa Mzee Kombo kapeleka posta. Amekwenda Tanga na baiskeli yake tangu saa nne."

"Zote?"

"Zote. Si nimeziona umezilaza kwenye msala? Nikajua zimekwisha somewa dua, zinangoja mtu wa kuzipeleka. Na stempu umebandika." Akaniangalia. "Nimekosea, mwanangu?"

Kila mtu kijijini kwetu aliyekuwa na barua ya maana aliipitisha kwenye dua kabla ya kuituma. Mama alifanya lililo sawa kwa barua zisizo sawa. Nikamwambia, "Hapana mama, ahsante," nikaenda kukaa nje.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Nafasi zote zilipitia kwa ofisa elimu mmoja wa jimbo, Tanga. Mtu aliyekubali nafasi mbili alikuwa ameizuia ya mwenziwe, na ilijulikana kwamba waliofanya hivyo makusudi walifutwa kote. Ningeweza kukosa Uganda, nikakosa milimani, na darasa la Tongoni nikanyang'anywa. Zaidi ya hayo, jina la Mwalimu Hiza lilikuwa chini ya kila karatasi. Wito ulipokuja kutoka ofisini, ulikuja kwetu sote wawili.

Aliusoma amesimama. Nikamweleza yote, msala na Mzee Kombo na baiskeli. Nilitegemea atafoka. Badala yake akakaa, akashika kichwa.

"Omari, ninyi dini yenu imewaruhusu wake wanne, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini ndugu wawili kwa pamoja?"

"Hapana. Haramu."

"Sasa wewe umeposa ndugu wawili siku moja, kwa baba mmoja, kwa stempu mbili! Na mshenga ni mimi." Akacheka kidogo, bila furaha. "Haya, tutakwenda. Utamwambia Bwana ni Uganda, ile nyingine ilitumwa kwa bahati mbaya. Ni kweli tupu, hata padri hawezi kuipinga."

Tulikwenda Tanga tukafikia kwa ndugu yake mtaa wa Usagara, tukabadili mashati, tukaenda ofisini. Ofisa alikuwa Mwingereza mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Bahasha zangu mbili zilikuwa mezani pake, sambamba. Nikaeleza. Nilipofika kwa mama, alinyanyua macho.

"Kwa hiyo mama yako amezituma kwa sababu zilikuwa mahali pa sala."

"Ndiyo, Bwana."

"Sijapata kusikia uwongo wa namna hiyo," akasema. "Kwa hiyo nadhani ni kweli." Akasukuma zile bahasha mbele yangu. "Moja utaichukua urudi nayo. Nafasi yake atapewa mwingine leo hii. Chagua."

Mwalimu Hiza alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuichukua ile ya milimani anisaidie.

Wanangu, sikuona nuru yoyote wala kusikia sauti. Kifua kilikuwa kizito vile vile kama siku zote. Nilichofanya ni kuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwezi mzima nyuma.

"Bwana, naomba kujua. Kule Uganda wanafundisha namna ya kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma?"

Akafikiri. "La. Kule utasoma lugha, historia, elimu kwa ujumla. Utakuwa mtu wa shule kubwa, labda ofisi kama hii. Kusoma kwa watoto hufundishwa milimani. Wana shule ya mazoezi mlango wa pili, na mkufunzi hukaa nyuma ya darasa anakutazama."

"Nina watoto arobaini na moja Tongoni," nikasema. "Mkaguzi ameandika kwamba wanasoma. Hawasomi, Bwana. Wamehifadhi. Mimi ndiye niliyewahifadhisha, na sijui kuwafundisha. Nikienda Uganda nitajua mengi, na hili bado nitakuwa silijui." Nikaichukua bahasha ya Uganda, ile ya milimani nikaiacha mezani.

Yule ofisa akachukua kalamu, akaandika. Hakuniambia kama nimefanya vizuri au vibaya. Mwalimu Hiza hakusema neno ofisini, wala njiani, wala Usagara, ambako alikataa chakula. Tulipoachana alinipa mkono kama mtu anayeaga msibani.

"Nilikuandikia barua nne," akasema. Basi.

Chuo cha milimani nilikifikia mvua ikinyesha. Kanzu yangu ilikuwa nyepesi mno kwa ukungu ule, na wiki ya kwanza nilifunga shuka juu yake, nikafanana na mgonjwa aliyetoroka hospitali. Tulikuwa Waislamu tisa. Mkufunzi wetu mkuu, Mpare mmoja mzee, Mlutheri, aliona tunaswali nje kwenye majani yenye umande. Hakutuuliza kitu, siku ya pili alihamisha majembe kutoka stoo na kutukabidhi ufunguo.

Kila Jumatatu tulifundisha darasa la kweli, la watoto wa kweli, na yeye nyuma na daftari. Somo langu la kwanza lilikwisha nikajiona shujaa. Akaniuliza, "Katika nusu saa hii, wewe umesema maneno mangapi na wao mangapi?" Sikujua. Alikuwa amehesabu. Sitaitaja hesabu yake, bado inaniudhi.

Alitufundisha kuanza na sauti ya silabi, ma, me, mi, kisha kuunganisha, kisha kumpa mtoto neno ambalo hajapata kuliona popote, alivunje mwenyewe. Tulikata maboksi ya sabuni tukatengeneza vipande vya silabi, tukavitia katika mifuko ya kitambaa, kila mtoto mfuko wake. Sheria yake moja nimeishika kazini miaka yangu yote: usimpime mtoto kwa ukurasa uliomfundishia. Walimu vijana, mkisahau yote humu, hilo msilisahau.

Nisiwadanganye, kipo nilichokosa. Yule aliyepata nafasi yangu Uganda aliniandikia habari za ile nyumba ya vitabu, na ngazi kweli zilikuwamo. Nilisoma barua zile kwa wivu, nikamwomba Mungu msamaha, nikazisoma tena. Kwa mwenye kutafuta kilichoko kule, kule ndiko. Mimi sijapata kumwambia kijana kwamba kidogo ni bora kuliko kikubwa. Namwuliza ni kitu gani hasa hakijui, na nani anakifundisha. Mara nyingi hajajiuliza.

Baada ya miaka miwili niliomba kurudi Tongoni. Mwalimu Hiza alikuwa bado mkuu pale. Nilikuwa nimemwandikia kila muhula na hakunijibu hata mara moja. Alinipokea kwa adabu, akanipa ratiba na chaki, nzima safari hii, akarudi ofisini kwake.

Mwanaidi nilimkuta ameacha shule. Baba alikwenda kusema na wazazi wake, na msichana akarudi shuleni. Nikamkalisha darasa la kwanza na watoto wanaomfika begani. Hakuona haya, haya nilikuwa nayo mimi. Tulianza na mfuko wa silabi. Ilichukua mwezi na siku chache.

Siku moja Mwalimu Hiza alipita barazani mwa darasa letu wakati wa mapumziko, mkononi ana machungwa aliyoletewa kutoka Muheza, yamefungwa katika gazeti. Mwanaidi alikuwa amekaa kizingitini. Akamwamkia. Mwalimu Hiza akaitikia, akasimama, kisha akachana kipande cha gazeti, cha katikati, kisicho na mwanzo wala mwisho, akampa.

"Soma."

Mimi nilikuwa ndani nafuta ubao. Nikaacha kufuta. Mwanaidi akakitazama kile kipande, akaanza. Alisoma polepole, akavunja neno moja refu vipande vitatu, akaliunga, akaendelea. Ilikuwa habari ya bei ya mkonge. Alipofika pale karatasi ilipochanika alisimama katikati ya neno.

"Limekatika, Mwalimu," akasema. "Nipe lililobaki."

Mwalimu Hiza akampa gazeti zima, machungwa akayabeba kifuani kwa mikono, akaenda zake. Hakuniangalia.

Mwaka mpya ulipoanza, nilikuwa naandikisha watoto. Wazazi walikuwa wamepanga mstari nje, na nikasikia mtu anabisha mlangoni. Mwalimu Hiza hakuwa na desturi ya kubisha mlango wa darasa lolote. Shule ilikuwa yake.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mwalimu Mkuu."

"Mwalimu Mkuu yuko ofisini. Mimi ni mzazi, na nimepanga mstari tangu saa moja."

Alikuwa amemshika mkono kitinda mimba wake, Beatrisi, binti wa miaka saba, aliyekuwa akiishi na mama yake Muheza, ambako shule zilikuwa nyingi na nzuri na hatua chache kutoka nyumbani kwao. Alikuwa amemtoa huko amlete Tongoni. Nilimwuliza jina la mtoto, kama nilivyowauliza wazazi wengine wote, naye akanitajia, herufi kwa herufi, kana kwamba sikuwa nalijua. Nikaliandika. Nikamwonyesha Beatrisi mahali pa kukaa.

Baba yake akabaki pale mlangoni mpaka somo lilipoanza. Kisha akavua kofia, akatoka taratibu, asiwashtue watoto.